Kufuli Linaloijua Akaunti, Lisilomjua Mwenye Simu

"Imeomba Gmail." Fundi simu yeyote wa Gisenyi, awe na duka karibu na soko au meza ya kivulini kule Mbugangari jirani na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, akisikia kauli hiyo haulizi tena maana yake. Mteja amesahau pateni ya kufungulia kioo, au mtoto ameichezea simu hadi ikajifunga. Ndugu au jirani akamshauri ashikilie kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, afute kila kitu, aanze upya. Simu ikafutika vizuri. Ikawaka, ikauliza lugha, ikauliza Wi-Fi, kisha ikagota kwenye ukurasa mmoja: kifaa hiki kimefutwa, ingiza akaunti ya Google iliyokuwa humu kabla. Mteja aliyeinunua simu hiyo kwa fedha zake halali hana la kujibu, kwa sababu akaunti hiyo hakuifungua yeye.

Niseme mapema msimamo wangu. Kufuli hili ni jema na ninalitetea. Lakini waliolitengeneza walidhani kwamba kila mwenye simu ana akaunti yake, anaijua, na anaweza kuthibitisha kuwa ni yake. Huku kwetu kando ya Ziwa Kivu dhana hiyo bado haijatimia, na mpaka itimie, mtego uliotegewa mwizi utaendelea kumnasa mwenye mali.

Kufuli la akaunti lilizaliwa na wizi wa mabavu. Kufikia mwaka 2013 miji mikubwa ya Marekani ilikuwa imechoshwa na watu kuvamiwa barabarani kwa ajili ya simu. Juni mwaka huo mwendesha mashtaka wa San Francisco, George Gascón, na mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eric Schneiderman, wakaanzisha kampeni ya kuwabana watengenezaji waweke njia ya kuifanya simu iliyoibwa isiwe na faida kwa aliyeiiba. Septemba Apple wakaitoa Activation Lock pamoja na iOS 7. Mwaka 2014 Minnesota na California zikapitisha sheria za kulazimisha ulinzi wa aina hiyo, zikaanza kutumika Julai 2015, na mwaka huohuo Google wakaliingiza kufuli lao kwenye Android 5.1. Matunda yake yalionekana upesi. Takwimu zilizotangazwa Februari 2015 zilionyesha kwamba katika miezi 12 tangu Apple waanze, wizi wa iPhone ulipungua kwa asilimia 40 San Francisco na asilimia 25 New York, na London wizi wa simujanja ulishuka kwa nusu. Nayataja haya kwa sababu aliyefungiwa simu yake mwenyewe huliona kufuli kama uonevu wa makampuni makubwa, ilhali makampuni hayo yalisukumwa kuliweka kwa niaba ya watu waliokuwa wakiumizwa.

Utendaji wake haufichiki. Ndani ya simu ya Android kuna sehemu ndogo ya kumbukumbu isiyoguswa simu inapofutwa. Ukiingiza akaunti ya Google na kuweka namba ya siri au pateni, alama ya akaunti hiyo huandikwa pale. Ukiifuta simu kwa kupitia mipangilio yake, inakuuliza kwanza namba ya siri. Ukiitoa inakukubali kuwa ndiwe mwenyewe, inafuta kila kitu pamoja na alama ile, na simu inabaki huru. Ukiifuta kwa vitufe, haikuulizi chochote, na kwa kuwa haikukuuliza, haikuamini. Picha, ujumbe na majina yote yanaondoka, alama inabaki. Simu ikiwaka inadai kimoja kati ya viwili, akaunti ile au namba ya siri ya zamani, na inataka intaneti ili kuhakiki. Yaani kufuta kwa njia moja kunaifungua simu, na kufuta kwa njia nyingine kunaifunga kabisa. Ushauri wa jirani huingia hapa na kuleta hasara, kwa sababu simu iliyofungwa kwa pateni tu bado ilikuwa na njia kadhaa za kuokolewa, pamoja na kutulia na kuikumbuka pateni yenyewe.

Kwa iPhone mambo ni tofauti kidogo. Ukiwasha Find My, huduma ya Apple ya kutafuta simu iliyopotea, utambulisho wa kifaa huandikwa kwenye seva za Apple ukiambatana na akaunti yako, na kila simu inapoanza upya ni lazima iziulize seva hizo kabla ya kukubali kutumika. Kubadilisha programu yote ndani ya simu hakusaidii kitu, maana jibu haliko ndani ya simu. Ukurasa wa kufuli huonyesha herufi ya kwanza ya barua pepe ya mwenyewe, kisha vitone, kisha jina la mtoaji wa barua pepe. Anayejaribu kukumbuka akaunti yake ya zamani aanze na herufi hiyo.

Sasa tuitazame akaunti yenyewe, maana shida kubwa iko huko. Mteja amelipa dukani, na wengine wanasubiri nyuma yake. Muuzaji anaiwasha simu, anafika mahali pa Gmail, anaandika jina lolote litakalokubaliwa pamoja na tarakimu zilizomjia, anaweka nenosiri analolijua yeye, anashusha WhatsApp, anamkabidhi mteja. Mteja anashukuru sana. Wapo wauzaji wanaotumia akaunti moja ya duka kwa simu za wateja wengi. Pengine aliyeifungua ni mtoto wa kaka aliyekuja likizo kutoka Kigali, akatumia akaunti yake ya shule. Simu inafanya kazi miaka miwili bila kuuliza lolote, mpaka siku ya kufutwa. Mbele ya fundi mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, Gmail yake unaikumbuka?"

"Gmail ni nini, mwanangu? Mimi natumia WhatsApp."

Mama huyo si mjinga na hakufanya kosa lolote. Anajua namba yake ya MoMo, fedha za kwenye simu, anajua bei ya viazi ya juzi na ya leo pande zote mbili za mpaka, anatuma na kupokea fedha kila siku. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya simu aliyonunua mlikuwa na kitu cha pili alichopaswa kukabidhiwa. Kampeni ya Connect Rwanda iliyoanza mwishoni mwa 2019 ilipeleka simujanja kwenye familia ambazo hazikuwa nazo, na mwaka 2023 Airtel wakaleta simu ya 4G kwa faranga 20,000. Ni hatua ninazozishangilia kwa moyo wote. Ila zimewafikishia simu watu ambao hawajawahi kuwa na barua pepe na hawana haja nyingine nayo, na akaunti isiyotumiwa husahaulika hata kama uliifungua mwenyewe.

Kwetu wenye pikipiki wanalijua jambo hili vizuri kuliko wenye simu. Hakuna dereva wa taxi-moto wa Rubavu, wilaya yetu, atakayelipa fedha kamili kwa pikipiki ambayo umiliki wake haujahamishwa kwenye rekodi za RRA, mamlaka ya mapato. Anajua kwamba siku ya ukaguzi hataulizwa alilipa kiasi gani, ataulizwa jina lililoandikwa. Simu ya leo ina jina lililoandikwa vilevile, tofauti ni kwamba linakaa Google au Apple na hakuna karatasi inayoonekana kwa macho.

Mpaka unaongeza uzito wa jambo hili. Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Kila siku maelfu ya watu wanavuka Petite Barrière kwa miguu, na simu ziko mifukoni mwao. Simu ya mtumba inayouzwa Birere, upande wa Goma, huenda ilitoka Dubai, Kampala au Ulaya, ikapita mikono kadhaa kabla ya kuingia Gisenyi. Muuzaji wa mwisho hajui akaunti ya mtumiaji wa kwanza. Akiulizwa anasema simu ni safi, naye anasema kweli kadiri anavyojua, maana simu aliyoipokea ikiwa inafanya kazi itaonekana safi hadi atakapoifuta mtu.

Halafu kuna laini. Mfanyabiashara wa hapa kwa kawaida ana laini ya 250 ya Rwanda na ya 243 ya Kongo. Akaunti aliifungua akiwa Goma, akaweka namba ya Kongo kuwa ndiyo ya kurejeshea. Baadaye akahamia huku, akaacha kuiwekea vocha laini ile, mtandao ukaifunga na namba ikagawiwa mtu mwingine. Siku anayohitaji msimbo wa Google, msimbo unaenda kwa mtu asiyemjua. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kukagua leo hii kwa yeyote anayeishi kwenye mpaka huu: fungua mipangilio ya akaunti, tazama namba ya kurejeshea ni ipi, na kama ni ya laini iliyokufa, ibadilishe ukiwa bado umo ndani. Ukishafungiwa nje huwezi tena.

Kabla ya kuhangaika na kufuli lolote, ni lazima kujua ni kufuli gani, kwa sababu watu huyachanganya na mafundi wasio waaminifu hufaidika na mchanganyiko huo. Pateni au namba ya siri ya kioo ni ya simu yenyewe. Kufuli la mtandao, ambalo simu za Marekani na Ulaya huja nalo mara nyingine, linakataa laini ya kampuni nyingine tu na halihusiani na wizi. Kuzuiwa kwa IMEI, ile namba ya tarakimu 15 unayoiona ukibonyeza *#06#, hufanywa na mitandao ya simu. Simu inawaka vizuri, Wi-Fi inafanya kazi, ila haipati mtandao. Tanzania ilitumia nguvu hiyo Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu zenye IMEI bandia. Udhaifu wa orodha ya namna hiyo ni kwamba inaishia pale mitandao inayoiheshimu inapoishia. Simu iliyozuiwa nchi moja inaweza kupiga na kupokea bila shida nchi ya jirani.

Kongo walijaribu daftari lao. Septemba 2020 walianzisha RAM, rejista ya simu za mkononi iliyotangazwa kuwa ingepambana na wizi na simu bandia. Wananchi waliijua kwa sura nyingine: ada iliyokatwa kwenye vocha zao, kama dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G na 7 kwa za 3G na 4G. Hasira ikawa kubwa, na mwaka 2022 ada hiyo ikafutwa. Nasikitika kwa namna ilivyoendeshwa, kwa sababu wazo la daftari la simu lina manufaa ya kweli hapa mpakani, lakini mtu wa Goma aliyekatwa vocha yake hatalipokea tena kirahisi. Waasi wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, mamlaka za Kinshasa ziliondoka, na matumaini ya orodha ya pamoja ya simu zilizoibwa kati ya pande hizi mbili yakasogea mbali zaidi. Rwanda na Kongo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Orodha hiyo ingefaa kuanzishwa huko.

Lipo pia kufuli la deni, nalo linazidi kuonekana. Safaricom walianza Lipa Mdogo Mdogo Kenya mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku. MTN Rwanda wana Macye Macye. M-KOPA wako Kenya na Uganda. Simu ya mkopo ina programu ya mkopeshaji inayoifunga malipo yakikatika, na kuifuta simu hakuiondoi programu hiyo. Anayeuza simu ya namna hii kabla ya kumaliza deni anauza kitu ambacho bado si chake kikamilifu. Mnunuzi akija na Gmail sahihi haitamsaidia. Dawa ni deni kulipwa, kisha mkopeshaji kuiachilia simu. Simu na tableti za mashirika na makampuni nazo zina usimamizi wa mwajiri wa aina hiyo. Kwa kuwa Goma ya jirani ina mashirika mengi, anayenunua tableti iliyotumika aulize ilitoka wapi.

Tuseme basi kufuli ni la akaunti kweli, na simu ni yako kweli. Kuna njia halali, na inahitaji subira kuliko ufundi.

Kwanza acha kubahatisha. Ukijaribu nenosiri mara nyingi mfululizo, Google watakusimamisha kwa muda, na kila jaribio la ovyo linakufanya ufanane na mwizi. Tafuta jina la akaunti kabla ya nenosiri. Tazama simu yako ya zamani kama bado ipo. Tazama barua pepe iliyoandikwa kwenye Facebook yako. Muulize aliyekufungulia simu, na kama ni dukani, rudi hapo hata kama miaka imepita, kwa sababu wauzaji wengi hurudia mtindo uleule wa majina na nenosiri. Google wana ukurasa wa kutafuta akaunti kwa namba ya simu na jina, mradi namba hiyo iliwekwa kuwa ya kurejeshea. Namba ikiwa imepotea lakini bado imeandikwa kwa jina lako, nenda na kitambulisho kwa MTN au Airtel uirudishe kwenye laini mpya kwanza, ndipo uombe msimbo. Watu wengi huanza na Google na kusahau laini, wakati laini ndiyo ufunguo walio nao.

Ukurasa wa kurejesha akaunti uufungue kwenye kifaa ulichowahi kukitumia kwa akaunti hiyo, ukiwa mahali ulipozoea kuwa, nyumbani au kazini. Google hupima mambo hayo. Anayejaribu kutoka kwenye simu ya fundi ambayo haijawahi kuiona akaunti hiyo ana nafasi ndogo kuliko anayejaribu kutoka kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Ukiombwa nenosiri la mwisho unalolikumbuka, andika, hata kama ni la zamani.

Na hapa kuna jambo linalowakatisha watu tamaa wakiwa wamekaribia. Ukifanikiwa kubadilisha nenosiri, subiri saa 24 kabla ya kulitumia kwenye simu iliyofungwa. Google wameweka muda huo makusudi, ili aliyeiba simu pamoja na laini asibadilishe nenosiri na kufungua papo hapo. Anayejaribu baada ya saa moja anakataliwa, anadhani ameshindwa, anakimbilia kwa fundi wa njia za mkato, ilhali kesho yake simu ingefunguka yenyewe.

Kwa simu iliyonunuliwa mkononi mwa mtu, njia ni mtu huyo. Mwenye iPhone anaweza kuiondoa kwenye akaunti yake kupitia iCloud.com akiwa popote, hata Dubai, bila kuigusa simu na bila kumpa yeyote nenosiri lake. Kwa Android njia ya uhakika ni muuzaji kuiingiza akaunti yake kwenye simu kwa mkono wake, kisha kuiondoa. Asipopatikana, inabaki risiti. Apple hupokea maombi ya kuondoa kufuli kupitia tovuti yao kwa uthibitisho wa ununuzi wa mwanzo, mradi simu haijatangazwa kuwa imepotea wala haisimamiwi na shirika. Google hawana dirisha la risiti, lakini baadhi ya watengenezaji, Samsung wakiwamo, huweza kuifungua kwenye kituo chao cha huduma ukionyesha risiti.

Kwa hiyo risiti ina thamani tuliyozoea kuidharau. Rwanda ina bahati hapa. Duka linalofuata sheria hutoa fagitire ya EBM, ile inayosomwa na RRA, yenye tarehe, jina la duka na bei. Kitu kinachokosekana mara nyingi ni IMEI. Mwombe muuzaji aiandike ndani ya fagitire, kwenye maelezo ya bidhaa, kisha piga picha fagitire na uitume kwa mtu wa nyumbani, maana picha iliyobaki kwenye simu iliyofungwa haina msaada. Anayenunua Birere bila karatasi yoyote amepunguza bei, na amejinyima ushahidi pekee ambao Apple au Samsung wangeusikiliza.

Wengi hawataki subira yote hiyo. Wanataka fundi "apitishe". Nimewaona mafundi hawa kazini na nauheshimu ujuzi wao: kompyuta imejaa programu za kulipia, waya za kila aina, droo ya simu zilizobandikwa vipande vya karatasi vyenye namba ya mteja. Kwa simu za Android za zamani kazi hiyo mara nyingi hufanikiwa, kwa kutumia upenyo ambao mtengenezaji hakuuziba. Lakini mlango huo unafungwa. Tangu Android 15 ya mwaka 2024, simu iliyopitishwa kwa hila haitulii: inakataa kuongezwa akaunti mpya, inakataa kuwekewa namba ya siri na inakataa programu mpya, mpaka mwenye akaunti ya awali aingie. Mteja analipa, anafika nyumbani, anagundua ana nusu ya simu. Pia hajui ni nini kimewekwa ndani, na simu hiyohiyo ndiyo atakayoitumia kwa MoMo.

Fundi naye yuko hatarini kuliko anavyofikiri. Rwanda ina sheria ya makosa ya mtandao, namba 60 ya mwaka 2018, na sheria ya makosa na adhabu ya mwaka huohuo inaadhibu kuficha kitu kilichoibwa. Anayefungua simu bila kumuuliza mteja chochote hana la kujitetea RIB, idara ya upelelezi, wakibisha hodi. Ningependa kila fundi awe na daftari: jina, namba ya kitambulisho, IMEI, na fagitire kama ipo. Daftari hilo linamlinda yeye kwanza. Na kabla ya kushika vitufe vya kufuta, aulize kuhusu Gmail. Swali hilo moja lingezuia sehemu kubwa ya simu zinazokwama, kwa sababu nyingi hufungwa na kitendo cha kuzisaidia.

Mwizi naye amebadilika. Akishindwa na kufuli, anamgeukia mwenye simu. Ujumbe unakuja kwenye namba mpya ya mhanga ukijifanya umetoka Apple au Google: simu yako imeonekana, bonyeza hapa, ingiza nenosiri. Anayeingiza amemkabidhi mwizi ufunguo. Simu isipofunguka kabisa, huuzwa vipuri: kioo, betri, kamera. Apple walianza kuviunganisha vipuri na kufuli hilo katika iOS 18 ya mwaka 2024, ili kamera ya iPhone iliyofungwa isikubaliwe kirahisi kwenye nyingine. Biashara ya wizi bado ni kubwa hata hivyo; Oktoba 2025 polisi wa London walitangaza kuuvunja mtandao walioushuku kusafirisha hadi simu 40,000 kwenda China ndani ya mwaka mmoja. Aliyeibiwa hapa atoe taarifa RIB, aitangaze simu kuwa imepotea kupitia Find Hub ya Google au Find My ya Apple kwa kutumia kifaa cha mwenzake, azuie laini, na asiiondoe simu kwenye akaunti yake kwa hasira. Akiiondoa, amemfungulia mwizi.

Mzigo mkubwa wa kurekebisha haya nauweka kwa wauzaji. Duka linalofungua akaunti kwa niaba ya mteja na kubaki na nenosiri lake linashika taarifa binafsi za mtu, na Rwanda tangu Oktoba 2021 ina sheria namba 058 ya kulinda taarifa hizo. Kwa tafsiri yangu, kumwachia mteja simu bila kumkabidhi akaunti ni huduma isiyokamilika, na kutumia akaunti moja kwa wateja wengi ni hatari kwao wote, maana picha na majina ya mmoja yanaweza kuonekana kwa mwingine. Muuzaji aandike barua pepe na nenosiri kwenye karatasi mbele ya mteja, aweke namba ya mteja mwenyewe kuwa ya kurejeshea, amwonyeshe jinsi ya kulibadilisha nenosiri, na asibaki na nakala. Mitandao ya simu yenye mawakala hadi vijijini kule Bugeshi na Busasamana ingeweza kuwafundisha mawakala hao jambo hili kwa gharama ndogo sana.

Limebaki suala la waliofariki. Familia nyingi za pande hizi zimepoteza watu katika miaka ya karibuni, na wengine walivuka mpaka wakiwa na simu ya marehemu mkononi, yenye picha zake na sauti zake, wasiweze kuifungua. Apple huweza kuondoa kufuli kwa cheti cha kifo, na tangu Desemba 2021 mtu anaweza kumteua mrithi wa akaunti yake, ambaye atahitaji ufunguo maalumu aliopewa pamoja na cheti hicho. Google wana mpango wa akaunti isiyotumika: unachagua muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na unataja hadi watu 10 watakaoarifiwa na kupewa data utakazoruhusu. Usipopanga lolote, akaunti iliyokaa miaka 2 bila kutumiwa inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo, kwa mujibu wa sera iliyoanza kutekelezwa Desemba 2023. Kwa hiyo familia yenye simu ya marehemu kwenye kabati isingoje. Isiifute kwa vitufe, iichaji, itunze laini yake ikiwa hai, itafute cheti cha kifo, kisha ipeleke ombi kwa Google au Apple wakati akaunti bado ipo.